Santuri ya babu na saa ya kuazima

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na sababu si uvivu (sawa, si uvivu peke yake). Nilikuwa nikipambana na mashine ambayo haina hata mstari mmoja wa programu ndani yake, na kwa muda mrefu ilinishinda. Kwa hivyo leo hatuzungumzii Java wala hifadhidata. Leo ni historia ya santuri, na namna historia hiyo ilivyonisaidia kutengeneza moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu yangu anaishi Nakuru, na chini ya kitanda chake kuna katoni ya rekodi ndogo, zile za 45. Santuri yake ilikufa kabla sijazaliwa, lakini rekodi hakuzitupa. Moja kati ya hizo ni ya ndugu yake marehemu, aliyeimba na kupiga gitaa katika bendi ndogo miaka ya 1970. Zilichapwa chache, na kwa kadiri sisi wa familia tunavyojua, iliyobaki ni hiyo moja tu.

Mwaka jana mjomba alirudi kutoka Marekani na santuri ya mitumba, ya miaka hiyo hiyo ya 1970. Mashine nzuri, nzito, ya mkanda. Kwa vile ni ya volti 120 na umeme wetu ni volti 240, akapitia Luthuli Avenue akanunua transfoma ya kushusha. Familia ikakusanyika. Tukaweka rekodi ya mwimbaji maarufu wa zamani, na sauti ikatoka nzito, ya kuburuta miguu, kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Babu akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Huyu mwimbaji ninamjua," akasema. "Huyu si yeye. Ile ya ndugu yangu msiiweke mpaka huyu apone."

Basi kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta", santuri ikapakiwa kwenye matatu pamoja nami, tukaja Nairobi.

Kushindwa kwa utaratibu

Nilianza na sindano, na wewe ukiokota santuri ya zamani uanze hapo pia. Sindano iliyochakaa hupata kingo kali kama patasi, na kila mzunguko inachonga mfereji wa rekodi. Sauti iliyochongwa hairudi. Babu alikuwa na haki kukataa nakala yake ya pekee itumike kwa majaribio. Niliweka sindano mpya, nikatafuta rekodi ya shilingi kidogo ambayo hakuna atakayeililia, nikaifanya hiyo ndiyo ya kujaribia.

Sauti bado nzito. Nikashuku mkanda, maana mpira wa miaka arobaini na zaidi hulegea na kuteleza. Mkanda mpya: hakuna tofauti. Nikang'oa sinia (ile duara nzito ya chuma ambayo rekodi hulalia), nikafuta mafuta yaliyoganda kwenye beringi, nikatia mapya. Sinia likazunguka laini ajabu, na mwimbaji akaendelea kuburuta miguu.

Kilichonichanganya zaidi ni taa. Pembeni mwa sinia hilo kuna nukta nyingi, na karibu nazo kuna kataa kadogo ka rangi ya machungwa. Kataa hako humulika kwa kuwaka na kuzima haraka sana. Kasi ikiwa sahihi, kila inapowaka nukta inakuwa imechukua nafasi ya mwenzake, kwa hivyo jicho linaona nukta zimesimama. Kasi ikizidi zinasogea mbele, ikipungua zinarudi nyuma. Nukta zangu zilikuwa zimesimama tuli. Mashine ilikuwa inaniapia kwamba haina kosa lolote.

Wikendi mbili zikaisha hivyo. Mwishowe nilifanya kile ninachofanya programu ya mtu mwingine inaponishinda. Niliacha kuuliza ni nini kimeharibika, nikauliza aliyeijenga alikuwa anafikiria nini. Hapo ndipo historia ilipoingia.

Mkono, halafu springi

Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877. Sauti iliandikwa kwenye karatasi nyembamba ya bati iliyozungushiwa silinda, na silinda ilizungushwa kwa mkono. Miaka kumi baadaye, 1887, Emile Berliner alipata hataza ya gramafoni, na rekodi ikawa bapa kama tunavyoijua. Lakini hiyo nayo mwanzoni ilizungushwa kwa mkono.

Fikiria tatizo hilo. Sauti ni mitikisiko kwa sekunde. Ukizungusha haraka, mwimbaji anakuwa mtoto. Ukichoka, anakuwa jitu. Rekodi haibebi muda ndani yake. Ina mfereji tu, na muda lazima utoke kwa yule anayezungusha. Kwa maneno mengine, kila santuri inahitaji saa. Ya kwanza ilikuwa mkono wa binadamu, na mkono wa binadamu ni saa mbovu.

Mwaka 1896 fundi mmoja wa Camden, New Jersey, aitwaye Eldridge Johnson, alimtengenezea Berliner mota ya springi iliyofaa kazi hiyo. Unapiga kipini, springi inajikunja, kisha inajifungua taratibu. Ili isijifungue kwa pupa, ndani kuna vizito vidogo vinavyozunguka: kasi ikizidi vinatanuka na kusukuma kisahani kwenye kipande cha ngozi au kitambaa kinachokaba mwendo. Kwa wasafiri wa matatu, ni kidhibiti mwendo! Johnson baadaye aliunda kampuni ya Victor, mwaka 1901.

Santuri za springi ndizo zilizofika kwetu kwanza, na zilifaa kwa sababu hazikuhitaji umeme. Siti binti Saad wa Zanzibar aliporekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, sauti yake iliweza kusikika hata katika nyumba ambayo haijawahi kuona waya. Ukiipata mashine ya aina hiyo leo, makosa yake ni ya zama zake: springi iliyokatika, grisi iliyoganda ikafanya springi ijifungue kwa mishtuko, au kipande cha kukaba kilichokauka. Usihangaike na kapasita. Hamna.

Umeme unakuwa saa

Sasa fuatilieni hapa vizuri, maana ndipo kosa langu lilipojificha.

Umeme wa majumbani hubadilisha mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Katika miaka ya 1890 kampuni ya Westinghouse ya Marekani iliegemea mizunguko 60 kwa sekunde, na AEG ya Ujerumani ikaegemea 50. Ulimwengu ukagawanyika. Amerika Kaskazini ilibaki na 60. Uingereza ilisimama na 50, nasi tuliokuwa chini yake tukairithi. Hadi leo Kenya ni volti 240, Hz 50.

Wabunifu wa santuri waliona bahati kubwa. Kuna aina ya mota ambayo mwendo wake hufungwa kwenye mizunguko hiyo ya umeme. Hata volti ikipanda au kushuka kidogo, mota inafuata mizunguko tu. Kwa nini basi ujenge saa ndani ya mashine, wakati kampuni ya umeme inaleta saa ukutani? Santuri ikaanza kuazima saa.

Na saa hiyo iliacha alama hata kwenye viwango vyenyewe. Zile rekodi nzito za zamani tunaziita 78, lakini katika nchi za Hz 60 kasi halisi ilikuwa mizunguko 78.26 kwa dakika, na katika nchi za Hz 50 ilikuwa 77.92. Kwa nini? Chukua taa ya Hz 60. Inamulika mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, yaani mara 7,200 kwa dakika. Gawanya kwa nukta 92, unapata 78.26. Taa ya Hz 50 inamulika mara 6,000 kwa dakika. Gawanya kwa nukta 77, unapata 77.92. Huwezi kuchora nusu nukta, kwa hivyo kila upande ulichukua namba nzima iliyokaribia. (Wenzangu waliowahi kuhangaika na kukadiria desimali, mnaona hatuko peke yetu.)

Columbia walipoleta rekodi ndefu za mizunguko 33⅓ mwaka 1948, na RCA Victor wakajibu kwa 45 mwaka 1949, mashine ikalazimika kuwa na kasi kadhaa. Mota ilibaki na mwendo wake mmoja. Kilichobadilika ni kapi, au puli kama mafundi wanavyoiita, lenye ngazi za ukubwa tofauti. Kasi ikawa imeandikwa kwenye kipimo cha kipande kidogo cha chuma.

Gurudumu, mkanda, na kwatsi

Tatizo lililofuata lilikuwa kelele. Katika mashine kama Garrard 301 ya Uingereza, maarufu miaka ya 1950, gurudumu la mpira hubanwa kati ya mota na sinia na kupeleka nguvu moja kwa moja. Linavuta kwa nguvu kweli, lakini mtikisiko wa mota hupita humo humo hadi kwenye sindano, na unasikia ngurumo ya chini. Kosa la kawaida la mashine hizi ni rahisi kulijua: zikiachwa miaka mingi gurudumu likiwa limebanwa, mpira hupata bapa sehemu moja, na unasikia dup, dup, dup kila linapozunguka.

Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research, Marekani, alikuja na jibu mwaka 1961. Aliweka sinia na mkono wa sindano kwenye fremu moja inayoning'inia kwa springi, mota akaitenga, kati yao akaweka mkanda laini wa mpira. Mtikisiko ukafia kwenye mkanda. Mashine nyingi za mkanda zilizofuata ziliiga wazo hilo, na ya babu ni mmoja wa wajukuu wake. Kosa lake la kawaida ni mkanda kulegea, ndiyo maana nilikimbilia huko kwanza.

Kumbuka lakini: gurudumu na mkanda vilibadilisha njia ya kupeleka nguvu tu. Saa ilibaki ile ile ya ukutani.

Kilichokata uzi huo ni kazi ya Matsushita ya Japani, chini ya mhandisi Shuichi Obata. Santuri yao ya Technics SP-10, iliyoingia sokoni mwaka 1970, haikuwa na mkanda wala gurudumu. Sinia lilizungushwa na mota moja kwa moja, polepole, huku saketi ikiiongoza. Mwaka 1972 wakatoa SL-1200, na mwaka 1979 SL-1200MK2, ambayo saketi yake inapima mwendo na kuulinganisha na mapigo ya kioo cha kwatsi, kile kile kilicho ndani ya saa za mkononi. Inafikia kasi kamili kwa sekunde 0.7. Madijei waliipenda mpaka ikawa kama ala ya muziki. Technics waliacha kuzitengeneza mwaka 2010, wakarudi mwaka 2016 kwa sababu watu hawakuziacha.

Kwetu sisi wa leo jambo kubwa hapo ni moja. Santuri ya kwatsi ina saa yake. Ipe volti inayotaka, na haijali kama iko Nakuru au Chicago.

Santuri ya babu haina kwatsi.

Shahidi aliyelala nyumba moja na mshtakiwa

Niligeuza mashine chini juu (chomoa waya kwanza, tafadhali) nikasoma kibati ambacho nilikuwa nimekipita mara kumi. Volti 120. Hz 60.

Transfoma hubadilisha volti. Mizunguko haiigusi kabisa. Mota iliyotarajia 60 ilikuwa inakula 50, kwa hivyo ilikimbia kwa tano juu ya sita za mwendo wake. Nilibandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sinia, nikaweka kasi ya 33⅓, nikahesabu kwa dakika tatu nikitumia saa ya simu. Ilipaswa kuwa mizunguko 100 kamili. Nilipata 83. Rekodi ya 45 ilikuwa inacheza kwa 37.5. Sauti ya mtu ikishushwa kiasi hicho inateremka karibu nusu-toni tatu, na hapo kweli, "huyu si yeye".

Na ile taa? Taa nayo ilikuwa inakula Hz 50. Badala ya kumulika mara 120 kwa sekunde ilimulika mara 100, na sinia lilikuwa limepungua kwa uwiano ule ule. Mashine na kipimo chake zilichelewa pamoja, zikakubaliana, zikanidanganya kwa sauti moja. Ndugu mwandishi wa programu, kama umewahi kuandika jaribio linalotumia saa ile ile ya programu unayoipima, unajua aibu niliyoisikia. Sikio la babu, ambalo halikuunganishwa na Kenya Power, ndilo lililokuwa kipimo huru. Alinipa jibu siku ya kwanza, nikaenda kununua mkanda.

Dawa

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini usirekodi hivyo hivyo kwenye kompyuta, halafu uongeze kasi kwa asilimia 20? Inawezekana, lakini kuna mtego. Rekodi za zama hizo hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa, na amplifaya hurudisha uwiano huo wakati wa kucheza. Marekebisho hayo hutegemea kasi sahihi. Ukicheza polepole yanaangukia mahali pasipo pake, na kuongeza kasi baadaye hakuyaondoi. Halafu, babu hakuomba faili. Aliomba santuri.

Dawa ya kweli ni kapi kubwa zaidi. Mota inakwenda tano juu ya sita, basi kapi liwe sita juu ya tano, mara 1.2. Ngazi ya 33⅓ ilikuwa na kipenyo cha milimita 10, nikaandika 12. Fundi wa kukereza vyuma kule Kariobangi Light Industries akanichongea kapi la shaba, zuri, linang'aa. Nikahesabu tena: 99 kwa dakika tatu. Karibu, lakini sivyo!

Nilikuwa nimesahau unene wa mkanda. Mkanda wangu una milimita 0.6, na mwendo huhesabiwa katikati ya unene huo, kwa hivyo kipenyo kinachofanya kazi si 10 bali 10.6. Mara 1.2 ni 12.72. Toa 0.6, kapi linapaswa kuwa 12.12. Nilirudi Kariobangi na hesabu mpya za ngazi zote mbili. Fundi akanitazama, akauliza kama hiyo sehemu ya kumi ya milimita ina maana yoyote. Nikamwambia ni sauti ya mtu. Akachonga.

Mia moja. Nikahesabu mara tatu nikapata mia moja mara tatu. Na sasa, kwa kuwa mwendo ulikuwa sahihi, nukta za pembeni zikaanza kukimbia mbele kama zimefukuzwa! Niliandika programu fupi (hatimaye, kazi yangu halisi) ya kuchora duara la karatasi lenye mistari 180, maana 6,000 gawanya kwa 180 ni 33⅓ kamili. Kwa 45 namba inayotoka ni 133.33, kwa hivyo nilichora 133 na kukubali kosa dogo, kama wale wazee wa 77 na 92. Chini ya taa ile ile, mistari ikasimama.

Nakuru

Tulirudi Jumamosi. Kwanza tuliweka yule mwimbaji maarufu. Babu alisikiliza ubeti mmoja akasema, "Ndiye." Kisha akaenda mwenyewe chumbani akaleta ile rekodi nyingine, akaifuta kwa kitambaa, akanipa.

Sikuwahi kumwona ndugu yake babu. Alikuwa na sauti nyembamba kuliko nilivyofikiria, na gitaa lake lilikuwa na haraka kidogo. Mjomba alikuwa ameshaunganisha kompyuta yangu kwenye amplifaya, kwa hivyo wimbo uliingia pia kwenye faili, na nakala ziko sehemu tatu tofauti. Katikati ya wimbo babu akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Umesikia? Hapo gitaa liliteleza. Alitaka warudie, lakini pesa za studio zilikuwa zimeisha. Alilalamika mpaka siku ya mwisho."

Mjomba akaniuliza kama kompyuta inaweza kulirekebisha pale. Inaweza. Babu akasema tuliache.

Kwa leo naishia hapo. Ukiwa na santuri ya mitumba inayoimba polepole, pindua usome kibati kabla hujanunua mkanda. Tuonane wiki ijayo, na wiki ijayo ni Java, naahidi.